Besi Iliyopotea Katikati ya Ukumbi: Uchambuzi wa Kisa cha Mawimbi Yaliyofutana

Kisa hiki kinahusu ukumbi mmoja wenye spika mbili kubwa, pamoja na malalamiko ambayo kwa mara ya kwanza yalionekana hayana kichwa wala miguu. Waliokaa pembeni, kila mmoja mbele ya spika ya upande wake, walisema sauti nzito ilivuma mpaka kifuani. Waliokaa katikati, mahali ambapo mtu angedhani ndipo penye sauti bora kuliko pote kwa kuwa spika zote mbili zinapaelekea, walisema ngoma kubwa na gitaa la besi havisikiki kabisa, na kwamba hata maneno ya msemaji yalikuwa mepesi, hayana kiini, kana kwamba hayatoki mahali popote. Niliombwa kusaidia baada ya mafundi wawili kushinda siku kadhaa kwenye mitambo wakipandisha na kushusha ekwalaiza, kifaa cha kuongeza na kupunguza sauti nzito na nyembamba. Kila walipoongeza besi, wa pembeni waliziba masikio, na wa katikati hawakuona tofauti yoyote.

Dalili hiyo ya mwisho ndiyo ninayomwomba msomaji aishike tangu mapema, kwa sababu jawabu karibu lote limo ndani yake. Kama tatizo lingekuwa uhaba wa nguvu, kuongeza nguvu kungesaidia japo kidogo. Kitu pekee kisichokua hata ukikizidisha mara kumi ni sifuri. Swali, basi, halikuwa kwa nini besi ni kidogo katikati, bali ni nini kinachoifanya iwe sifuri mahali ambapo spika mbili nzima zinapiga kwa nguvu zao zote.

Sauti husafiri hewani kwa kuibana hewa na kuilegeza. Koni ya spika, ile sehemu yake inayotikisika, inaposukumwa nje, hewa iliyo mbele yake hubanwa, na mbano huo hukimbia kumwelekea msikilizaji kwa mwendo wa takriban mita 343 kwa sekunda ikiwa hewa ina nyuzi joto 20 za Selsiasi. Koni inaporudi ndani, hewa hulegea, na ulegevu huo huufuata mbano kwa mwendo uleule. Mbano tuuite kilele cha wimbi, na ulegevu tuuite bonde. Umbali kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata ndio urefu wa wimbi, nao hupatikana kwa kugawa mwendo wa sauti kwa frikwensi, yaani idadi ya mitikisiko katika sekunda moja. Mlio wa hezi 86, yaani mitikisiko 86 kwa sekunda, ulio miongoni mwa noti za gitaa la besi, una urefu wa karibu mita 4. Mlio wa hezi 3,430, ulio katika sehemu ya juu ya matamshi ya binadamu, una urefu wa sentimita 10 tu. Tofauti hiyo kati ya mita 4 na sentimita 10 ndiyo iliyofanya besi ipotee kabisa ilhali maneno yalipungua tu, na nitairudia mbele.

Mawimbi mawili yanapofika mahali pamoja kwa wakati mmoja hayagongani na kurudishana nyuma kama mawe yanavyofanya. Kila moja hupita na kuendelea na safari yake kana kwamba la pili halikuwapo. Lakini kwa muda ule yanapopishana, hali ya hewa mahali pale ni jumla ya yale ambayo kila wimbi lingefanya likiwa peke yake: mbano juu ya mbano huwa mbano mkubwa zaidi, na mbano juu ya ulegevu hupunguzana, na vikiwa sawa hufutana, hewa ikabaki imetulia. Kilele kikikutana na kilele, na bonde likakutana na bonde, mwingiliano huo huitwa wa kujenga. Kilele kikikutana na bonde, huitwa wa kubomoa. Hakuna sheria nyingine ya ziada. Yote yatakayofuata ni hesabu ya nani amefika na nini, na saa ngapi.

Kuna sharti moja, hata hivyo, ambalo watu hulisahau. Ili mahali fulani pabaki pa kujenga au pa kubomoa kwa muda wa kutosha kusikika, mawimbi yote mawili lazima yawe na frikwensi moja na yashike uhusiano uleule wa hatua, yaani vilele vya moja vipishane na vya jingine kwa kiasi kilekile, tangu mwanzo hadi mwisho. Ukipiga mlio wa hezi 440 upande mmoja na wa hezi 442 upande wa pili, hakuna mahali panapotulia. Sauti itapanda na kushuka mara 2 kila sekunda popote utakaposimama, kwa sababu mmoja unaupita mwenzake taratibu, mara wanakwenda pamoja, mara wanapingana. Waliowahi kulinganisha nyuzi mbili za gitaa wanaijua sauti hiyo ya kuyumba. Katika ukumbi wetu sharti lilitimia bila mtu kukusudia: spika zote mbili zililishwa ishara ileile kutoka mtambo mmoja, kwa hiyo kila mtikisiko wa upande wa kushoto ulikuwa na pacha wake upande wa kulia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupima, na sikutumia zaidi ya futi kamba na mlio wa majaribio. Spika zilisimama mita 6 moja kutoka kwa nyingine. Safu ya viti iliyokuwa na malalamiko mengi ilikuwa mita 8 kutoka kwenye mstari wa spika. Kiti kilichokaa mbele kabisa ya spika ya kulia kilikuwa, kwa hiyo, mita 8 kutoka kwake, na mita 10 kutoka spika ya kushoto, kwa kuwa pande za mita 6 na mita 8 zikikutana kwa pembe mraba huzaa upande wa tatu wa mita 10. Kiti cha katikati kilikuwa mita 8.54 kutoka kila spika, kulia na kushoto sawasawa.

Tukapiga mlio mmoja wa hezi 86, bila muziki, bila maneno. Naliona jambo hili kuwa la lazima, na mafundi wengi huliruka. Muziki una frikwensi nyingi kwa pamoja, na kila moja ina ramani yake ya vilele na mabonde ndani ya ukumbi, hata sikio likachanganyikiwa na kutoa hukumu za jumla kama "sauti mbaya" au "sauti tupu". Mlio mmoja huweka ramani moja sakafuni, nawe unaweza kuitembelea kwa miguu. Nilianza mbele ya spika ya kulia, mlio ukiwa mzito kiasi cha kuhisika kwenye mbao za kiti. Nikatembea taratibu kuelekea katikati. Hatua ya kwanza, ya pili, bado upo. Hatua ya tatu ukaanza kunyong'onyea, na nilipofika kiti cha katikati ulikuwa umezimika kabisa, ikabaki sauti ya feni tu. Nikaendelea kuelekea kushoto, ukarudi.

Nilimwita kijana aliyekuwa akisimamia mitambo aje akae kwenye kiti kile cha katikati, na mwenzake nikamwomba azime spika ya kushoto. Spika ilipozimwa, mlio ukatokea. Kijana akageuka nyuma.

"Ameongeza kitu?"

"Amepunguza," nikamjibu. "Sasa inapiga moja tu."

Akaomba iwashwe tena, na mlio ukapotea, ikazimwa, ukarudi. Alirudia jaribio hilo mara nne au tano, na sikumharakisha, kwa sababu sijui njia nyingine inayomfundisha mtu jambo hili vizuri kuliko kulisikia kwa masikio yake. Spika moja ilimpa sauti, spika mbili zikampa ukimya. Kihesabu ni jambo dogo: spika ya kulia peke yake huleta 1, ya kushoto huleta kutoa 1, na jumla yake ni 0. Ukiondoa ile ya kutoa, inabaki 1. Lakini mwili wa mwanadamu umezoea kwamba vyanzo viwili ni zaidi ya kimoja, na mazoea hayo hayaondoki kwa kuandikiwa ubaoni.

Jaribio lile lilithibitisha kwamba mawimbi yanafutana. Halikusema kwa nini, na hapa ndipo kiti cha katikati kinapokuwa na thamani kuliko vingine vyote. Mawimbi mawili yanaweza kufika yakiwa yamepishana kwa sababu mbili tofauti: ama moja limesafiri umbali mrefu zaidi, ama yalitoka kwenye spika yakiwa tayari yanapingana. Katika kiti chochote cha pembeni sababu hizo mbili huchanganyika, na huwezi kuzitenganisha kwa sikio. Katika kiti cha katikati hakuna tofauti ya umbali ya kulaumu. Mita 8.54 upande huu, mita 8.54 upande ule. Kilele kilichotoka kushoto na kilele kilichotoka kulia kwa wakati mmoja hufika pamoja, vikajengana. Kama pale pana ukimya, basi spika moja ilikuwa ikitoa bonde wakati mwenzake inatoa kilele.

Nilichomoa nyaya zote mbili kwenye amplifaya, mtambo unaozipa spika nguvu, na kuchukua betri ndogo ya volti 1.5. Ukigusisha ncha chanya ya betri kwenye waya mwekundu na hasi kwenye mweusi, koni ya spika iliyofungwa sawa huruka nje kidogo na kutoa mlio mfupi. Ya kulia iliruka nje. Ya kushoto, kwa mguso uleule, ilinyonywa ndani. Tulipofungua kifuniko cha nyuma tukakuta waya mwekundu umekazwa kwenye skurubu ya hasi, na mweusi kwenye ya chanya; waya huo uliwahi kukatika na kufungwa upya, na aliyeufunga alizigeuza ncha. Spika haikuharibika, wala haikupoteza nguvu hata kidogo. Ukiisikiliza peke yake hutasikia kasoro yoyote, kwa kuwa sikio haliwezi kutofautisha mlio ulioanza kwa mbano na ulioanza kwa ulegevu. Kosa hilo husikika tu pale spika inapokuwa na mwenzake.

Kabla ya kugeuza waya niliona inafaa kukokotoa upana wa shimo lile la katikati, ili tuone kama nadharia inalingana na hatua nilizotembea. Spika zikiwa zimepingana, ukisogea kando ya mstari wa katikati tofauti ya umbali huanza kukua, kwa takriban sentimita 70 kwa kila mita unayosogea katika safu ile. Tofauti hiyo inapofikia moja ya sita ya urefu wa wimbi, jumla ya mawimbi mawili huwa sawa na wimbi la spika moja. Kabla ya hapo, spika mbili ni hasara. Kwa mlio wa mita 4, moja ya sita ni sentimita 67 hivi, nayo hupatikana ukisogea karibu sentimita 95. Kulia sentimita 95 na kushoto sentimita 95: ukanda wa karibu mita 2, unaokata safu hiyo katikati, ambamo kila aliyekaa angesikia besi zaidi kama spika moja ingezimwa. Ukanda huo hupanuka kadiri unavyorudi nyuma ya ukumbi.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini maneno hayakufutika. Kwa mlio wa sentimita 10, kusogeza kichwa sentimita 10 tu kando ya mstari wa katikati kunaleta tofauti ya umbali ya sentimita 7, ambayo imeshavuka nusu ya wimbi. Sikio la kulia na la kushoto la mtu mmoja huwa katika hali mbili tofauti, na akigeuza shingo hali hubadilika tena. Kwa hiyo sauti nyembamba zilimfikia msikilizaji zikiwa zimechanwachanwa, baadhi zimejengwa na baadhi zimebomolewa, na ubongo unaotegemea mlingano wa masikio mawili kujua sauti inatoka wapi ukakosa mahali pa kuiweka. Ndiyo maana walisema maneno hayatoki mahali popote. Malalamiko yao yalikuwa sahihi kuliko walivyojua, nami huwa nasikitika kuona msikilizaji anaambiwa ana masikio mabaya wakati anaripoti kwa usahihi kile ambacho hewa inafanya.

Wazo kwamba vitu viwili vya aina moja vinaweza kukutana vikatoa utulivu lina historia ndefu kuliko spika. Mwaka 1687 Isaac Newton alieleza maji ya bandari ya Batsha huko Tonkin, kaskazini mwa Vietnam ya leo, mahali ambapo bahari ilijaa mara moja tu kwa siku badala ya mara mbili, na siku fulani haikupanda wala kushuka. Alipendekeza kwamba maji hufika pale kwa njia mbili, moja ikichelewa kwa saa 6 kuliko nyingine, hata kujaa kwa njia moja kukakutana na kupwa kwa njia ya pili. Saa 6 ni karibu nusu ya mzunguko wa kujaa na kupwa, kama vile mita 2 zilivyo nusu ya wimbi letu la mita 4. Leo wataalamu hutilia mkazo zaidi jinsi ghuba yenyewe inavyotikisika kulingana na umbo lake, lakini hoja ya njia mbili ilibaki na kazi nyingine. Mwanasayansi Mwingereza Thomas Young, aliyeieleza nuru kwa mwingiliano wa mawimbi mbele ya Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, mwaka 1801, alipojibu wakosoaji wake mwaka 1804 aliyataja maelezo ya Newton kuhusu Batsha kuwa miongoni mwa vidokezo vichache alivyovikuta kwa waliomtangulia.

Tuligeuza waya. Kiti cha katikati kilijaa besi papo hapo, na kama ningeondoka saa ile kisa kingehesabiwa kimekwisha. Uchambuzi mwingi wa makosa ya namna hii huishia hapo, kwa furaha ya skurubu iliyopatikana, na ndiyo sababu niliamua kukiandika kisa hiki kwa ukamilifu. Kwa maana nilirudi kwenye kile kiti cha mbele ya spika ya kulia, kilichokuwa kikitetemeka kwa besi nusu saa iliyopita, na mlio wa hezi 86 ulikuwa umekwisha.

Haukuwa umekwisha kabisa. Spika iliyo mita 8 hutoa wimbi lenye nguvu kuliko iliyo mita 10, kwa hiyo haziwezi kufutana mpaka sifuri. Kimo cha wimbi hupungua kwa kadiri ya umbali: moja ya nane kutoka kulia, moja ya kumi kutoka kushoto, yaani 0.125 na 0.1. Tofauti ya umbali ni mita 2, nusu kamili ya wimbi la mita 4, kwa hiyo kilele cha kulia kilikutana na bonde la kushoto na kubaki 0.025, moja ya tano tu ya kile ambacho spika ya kulia ingetoa peke yake. Kabla ya kugeuza waya, kiti kilekile kilikuwa kinapata 0.125 na 0.1 zikijumlishwa, yaani 0.225. Kutoka 0.225 hadi 0.025 ni kushuka mara tisa, sawa na desibeli 19 hivi kwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Kuta za ukumbi hurudisha sauti na kulijaza shimo kidogo, kwa hiyo sikio halikusikia kushuka kote huko, lakini lilisikia kwa kutosha. Tulikuwa tumelihamisha shimo kutoka katikati na kulipeleka pembeni.

Je, tulifanya kazi bure? La, na sababu yake ni ya msingi. Spika zilipokuwa zimepingana, mstari wa katikati ulikuwa wa kubomoa kwa kila frikwensi iliyopo, kwa sababu tofauti ya umbali sifuri haijali urefu wa wimbi. Besi yote, ngoma yote, noti zote za chini zilikufa katika mstari mmoja. Spika zinapokwenda pamoja, katikati panakuwa pa kujenga kwa kila frikwensi, na mashimo ya pembeni hutawanyika, kila frikwensi na mahali pake. Katika kiti kile cha mita 8 na mita 10, hezi 86 hubomolewa kwa kuwa mita 2 ni nusu ya wimbi lake. Hezi 172, ambayo wimbi lake ni mita 2, hujengwa kwa kuwa tofauti ni wimbi zima. Aliyekaa hapo hupoteza noti moja na kuongezewa nyingine. Sikio husamehe kukosa noti moja katika wimbo, ila halisamehi kukosa besi nzima.

Kijana yule wa mitambo aliniuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri: nguvu iliyofutwa imekwenda wapi? Amplifaya inakula umeme uleule, koni zinatikisika vilevile, na kiti hakipati kitu. Jibu ni kwamba mwingiliano hauteketezi nishati, huigawa upya. Nishati ya wimbi hukua kwa mraba wa kimo chake. Mahali ambapo mawimbi mawili yaliyo sawa yanajengana kimo huwa mara 2 na nishati huwa mara 4 ya spika moja, na mahali yanapobomoana nishati ni 0. Wastani wa 4 na 0 ni 2, kiasi kilekile ambacho spika mbili zingetoa kama mawimbi yake yasingeingiliana kabisa. Kila kilichokosekana kwenye kiti cha katikati kilikuwa kimerundikwa kwa wale waliokuwa wakiziba masikio pembeni. Malalamiko mawili yaliyoonekana kupingana yalikuwa lalamiko moja.

Hesabu hiyo ya wastani inashika pale spika zinapokuwa mbali kwa kulinganisha na urefu wa wimbi. Zikikaribiana sana mambo hubadilika, na mabadiliko hayo ndiyo yaliyotupa tiba. Spika mbili zilizobanana na kupingana hazihamishi nishati kwenda pembeni. Moja inaposukuma hewa nyingine inaivuta palepale, hewa inahama kutoka koni moja kwenda ya pili, na sauti haiondoki, umeme ukaishia kuwa joto ndani ya koili, yaani waya uliozungushwa unaoisukuma koni. Spika mbili zilizobanana na kwenda pamoja, kinyume chake, husaidiana: kila koni husukuma hewa ambayo mwenzake ameshaibana, hivyo hufanya kazi kubwa zaidi kwa mwendo uleule.

Kila upande wa ukumbi ulikuwa na boksi la besi chini na boksi dogo la maneno juu yake. Tuliyatoa maboksi mawili ya besi pembeni na kuyaweka katikati mbele, mita 1 kutoka kitovu cha moja hadi kitovu cha jingine, na maboksi madogo tukayaacha mahali pake. Hakuna kiti katika ukumbi wowote ambacho tofauti ya umbali wake kutoka vyanzo viwili inaweza kuzidi umbali uliopo kati ya vyanzo hivyo. Kwa mita 6 tulikuwa na mashimo ya kila namna ndani ya eneo la besi. Kwa mita 1, tofauti haiwezi kufika nusu ya wimbi mpaka wimbi lifupike hadi mita 2, yaani hezi 172, na maboksi yale ya besi hayakuwa yakipiga juu kiasi hicho. Nilitembea safu nzima ya mita 8 kutoka ukuta mmoja hadi mwingine mlio wa hezi 86 ukipigwa, na haukuzimika popote.

Ukazimika nyuma. Safu ya mwisho ya viti ilikuwa mita 1 kutoka ukuta wa nyuma, na watu wa safu hiyo, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kwa kuwa macho yote yalikuwa katikati, walikuwa na shimo lao tangu ukumbi uanze kutumika. Ukuta mgumu hurudisha mbano kama mbano. Wimbi lililompita msikilizaji lilikwenda mita 1 hadi ukutani, likarudi mita 1, likamkuta akiwa anapokea wimbi linalofuata: mita 2 za ziada, nusu ya wimbi kwa mara nyingine, bila spika ya pili kuhusika. Mtu mmoja alipendekeza pazia zito. Lakini pazia hula sauti pale hewa inapokwenda kasi ndani yake, na kwa wimbi la mita 4 sehemu hiyo iko robo ya wimbi kutoka ukutani, yaani mita 1 nzima; pazia lililoning'inizwa ukutani lingepunguza sauti nyembamba na kuiacha besi kama ilivyo.

Tulipoisogeza safu mpaka migongo ya viti ikakaribia kugusa ukuta, mlio ulirudi kwa nguvu, kwa sababu mbele ya ukuta wenyewe wimbi linalokwenda na linalorudi hufika kwa wakati mmoja na kujengana. Safu iliyotangulia ilibaki karibu mita 2 kutoka ukutani, mahali ambapo safari ya kwenda na kurudi ni mita 4, wimbi zima, nako mlio ulikuwa mzuri. Kati ya safu hizo mbili, mita 1 kutoka ukutani, shimo la hezi 86 bado lipo, na nafasi hiyo ndiyo tuliyoiacha wazi kuwa njia ya watu kupita.